Nilivyoufuata Uzamifu Nyumbani kwa Mama Mkwe

Nguzo ya stima iliyo nyuma ya maabara yetu ilianguka Jumanne jioni, nami nilikuwa na mahojiano Alhamisi saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii. Kama kuna msomaji anayedhani nilikwenda Asembo kutembea, aondoe hilo kichwani mapema.

Nafundisha fizikia na hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Awasi. Kwa miaka mitano nimekuwa nikitafuta nafasi ya uzamifu yenye ufadhili, katika somo ambalo walimu wenzangu wamechoka kulisikia: kompyuta za kwanta. Nafasi hizo zipo, wala hazijafichwa. Vyuo vya ng'ambo huzitangaza kwenye tovuti zao kama kazi yoyote. Ukichukuliwa, ada hulipi, mshahara unapata, na unachotakiwa ni kufanya utafiti na kuandika tasnifu. Wanataka matokeo yako ya chuo, kurasa mbili za pendekezo la utafiti na barua za watu wawili wanaokujua. Mara ya kwanza nilikataliwa bila hata kuhojiwa. Mara ya pili nilihojiwa, mtandao ukakatika katikati ya jibu, na niliporudi hewani walikuwa wameshaniaga. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Nafasi hii ilimtaka mtu ambaye hajapitisha miaka sita tangu amalize uzamili, na mimi mwakani nitakuwa nimepitisha.

Jumatano alfajiri, Awasi. Fundi aliyekuja kuitazama nguzo alituambia itasimamishwa Ijumaa, kwa sauti ya mtu anayemaanisha Jumatatu. Mvua hiyohiyo ilikuwa imeuharibu mnara wa simu wa karibu, hata ujumbe mfupi ulikuwa unakwenda kwa kusukumwa. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa ya siku mbili. Akinyi, mke wangu, ni muuguzi na alikuwa na zamu wiki nzima, kwa hiyo hakuweza kunisindikiza.

"Nenda Kisumu," aliniambia huku akifunga viatu vya kazini. "Intaneti ya Kisumu haiwezi kukosa. Na tafadhali, Ouma, usigombane na mtu huko."

Ananijua. Mimi hasira zangu ziko karibu, kama chumvi mezani.

Nilipata lifti kwenye lori la kabichi lililoteremka kutoka upande wa Kericho likielekea soko la Kibuye. Dereva alikuwa mzazi wa mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, akakataa katakata nilipe. Tulipita Ahero mpunga ukiwa umesimama majini pande zote mbili za barabara. Hapo ndipo aliponiuliza ninakwenda kufanya nini, nikamweleza.

"Sasa, Mwalimu, hiyo kompyuta inafanya nini, hii yangu ya simu haifanyi?"

"Ya kawaida ni kama swichi ya taa," nikamwambia. "Imewaka au imezima. Hii nyingine, ile chembe yake moja, tunaiita biti, inaweza kuchanganya kuwaka na kuzima kwa pamoja, ndiyo maana kuna hesabu ngumu inazoweza kuzimaliza haraka. Lakini ukiichungulia tu, mchanganyiko unavunjika. Unabaki na kimoja."

Aliendesha mpaka tukapita daraja.

"Na ikiharibika? Mtatengeneza aje kitu hamruhusiwi kuangalia?"

"Hilo ndilo swali ninaloenda kulisomea."

"Miaka ngapi?"

"Minne."

"Swali moja, miaka nne!" Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, Mwalimu."

Saa mbili na nusu, Kibuye. Lori liliniacha penye kabichi, nikakata kupitia upande wa mitumba kwa sababu sikuwa na koti. Mama mmoja alinivalisha la kijivu kabla sijafungua mdomo, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama.

"Hii koti ni ya mtu wa benki, Baba. Angalia mfuko yake. Hata ukiwa mwongo utaaminika."

"Mimi si mwongo."

"Basi itakusaidia zaidi," akasema, na tayari alikuwa analikunja.

Mjini nilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa rafiki yangu wa chuoni mwenye ofisi ya uwakala wa bima karibu na stendi. Nilimkuta mlangoni ameshika kiuno. Watu waliokuwa wakichimba mtaro barabarani walikuwa wamekata waya wa intaneti asubuhi hiyo, jengo zima. Nilitazama ule mtaro. Nikakumbuka maneno ya Akinyi, nikaondoka bila kumwambia mchimbaji yeyote jambo lolote.

Saa sita mchana nilikuwa kwenye saiba, duka la intaneti, mlango wa tatu kutoka duka la dawa. Mhudumu alinipa kibanda cha kona nijaribu kupiga simu ya picha kwa rafiki yule, aliyetumia data ya simu yake. Kichwa chake kikaganda kama picha ya kitambulisho. Nyuma yangu watu wawili walikuwa wanajaza fomu za ushuru kwa sauti, na wa tatu anasikiliza mahubiri bila vitu vya masikio.

"Kesho saa tano itakuwa hivi?" nikamuuliza mhudumu.

"Kesho? Kesho itakuwa imejaa zaidi."

Nikajaribu na data ya simu yangu. Sauti ilikuja vipandevipande. Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua na koti langu la mtu wa benki mkononi, nikampigia Akinyi, ambaye kazini kwake mtandao ulikuwa unashika. Nilimwambia kila kitu, na sikuficha kwamba nilikuwa naogopa.

"Iko nyumba moja yenye intaneti ambayo haijakatika tangu iwekwe," akasema. "Na ina sola."

Nilijua anakokwenda. "Hapana."

"Kaka alimwekea Mama ule mtambo wa setilaiti juu ya bati. Wanaonana kwa simu ya picha kila Jumapili, mpaka Mama anamhesabia mvi."

"Akinyi, siwezi kwenda kukaa ndani ya nyumba ya mama yako."

Wasomaji wa mbali na ziwa watanisamehe nieleze. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuwekeana umbali. Kuna nyumba nyingi siku hizi zimelegeza, watu wanakumbatiana na kupiga picha. Kwa Mama bado. Tangu harusi, mimi na yeye hatujawahi kupeana mkono. Nikienda kwao ninakaribishwa katika nyumba ya shemeji yangu, ninakula huko, na silali katika boma lile. Mama akipita uani, mimi natazama pembeni. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia mtu aniambie, hata kama nimesimama hatua nne kutoka kwake na ninasikia kila neno. Msidhani tunachukiana. Nampenda yule mama, na ndiyo sababu ninayashika hayo mambo.

"Ouma," Akinyi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwaka juzi ulikaa siku tatu bila kula vizuri baada ya ile simu kukatika. Mimi sitaki kuiona tena hiyo. Nampigia Mama sasa hivi. Yeye akikataa, sawa. Lakini wewe usikatae kwa niaba yake."

Dakika ishirini baadaye akanipigia. Mama alikuwa amejibu kwa neno moja: aje.

Saa tisa, Kisian. Hapa ndipo barabara ya Bondo inapoiacha ile ya Busia, na hapa ndipo nilipokaa kwenye benchi la muuza chai karibu nusu saa nikibishana na nafsi yangu. Ningeweza kurudi mjini kutafuta hoteli kubwa, na niombe Mungu. Ningeweza kuwaandikia wale watu waahirishe, lakini barua yao ilisema wazi kwamba ratiba haibadiliki. Nikamaliza chai. Nikajiambia kwa sauti, muuza chai akasikia, "Nitakaa hata kwenye banda la kuku, lakini kesho saa tano watauona uso wangu."

"Sawa kabisa," akasema muuza chai, ambaye hakujua lolote.

Kuanzia hapo nilikwenda kwa pikipiki, tukapita Holo, milima kulia na mashamba kushoto yakiteremka kuelekea ziwani. Ndori nilishuka. Nisingeweza kulala kwa Mama, kwa hiyo nilichukua chumba katika nyumba ya wageni kando ya soko, nikanyoosha shati kwa kuliweka chini ya godoro, nikayasoma maelezo yangu yote mara mbili.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Asembo. Boma la Mama liko juu kidogo ya ufuo, na ukisimama langoni unayaona maji yote mpaka visiwa vya mbele. Aliyenipokea ni Mama Risper, mke wa ndugu wa marehemu baba mkwe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kipaza. Nyumba yake ni hapohapo jirani, kwake miiko ile ilishalegea, na siku hiyo ndiye aliyekuwa mdomo wa Mama kwangu.

"Orwa!" akaniita, yaani mkwe wetu. "Karibu. Kuku ameshakamatwa."

"Mama Risper, nina mahojiano saa tano."

"Kuku hajui mahojiano. Utakula ukimaliza."

Tukaenda kuutazama mtambo, yaani yeye akaenda, mimi nikabaki sebuleni nikitazama kalenda ukutani. Shida ikajulikana mara moja. Waya wa setilaiti ulishuka kutoka batini moja kwa moja hadi chumba cha kulala cha Mama, zilipo betri za sola, na fundi alikuwa ameupigilia saruji ukutani. Kuutoa hakukuwezekana. Nyumba ni ya mawe, kwa hiyo ukitoka kwenda uani waifai inakufa. Pahali pekee palipofaa ni sebuleni, kwenye kiti kilichogusana na mlango wa chumba kile. Juu ya hayo, inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, ilikuwa imezeeka. Kila baada ya dakika chache ilipiga kelele ya sekunde kumi kisha ikazima, isipokuwa mtu abonyeze kitufe chekundu kabla haijamaliza. Ilikuwa ndani ya chumba cha Mama, nisikoweza kukanyaga.

Sauti ya Mama ikatoka ndani, pole na nzito. "Mwambie mkwe akae hapo. Mimi nitakaa huku na kitufe."

Mama Risper, aliyesimama mlangoni, akanigeukia. "Mama anasema ukae hapo, yeye atakaa na kitufe. Na anasema umekonda."

"Hilo sikusema," ikasema sauti ya ndani.

Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Niliuliza kama betri zimejaa, Mama Risper akaniletea jibu kwamba zimejaa na pia nimuoneshe Akinyi jinsi ya kupika samaki wa mbuta. Niliuliza tena, likaja jibu kwamba zimejaa na kwamba jirani anauza shamba. Nikajifunza kuuliza jambo moja mara tatu. Lililorudi mara zote tatu lilikuwa la Mama, mengine yote ni ya Mama Risper.

Saa tano kamili nilikuwa kwenye kiti, koti mwilini, mgongo kwa mlango wa chumba. Kwenye kioo wakatokea watu watatu: mwanamke mwenye nywele fupi za mvi aliyekuwa kiongozi wao, kijana mwenye ndevu, na mzee mmoja aliyekuwa akiandika tu. Tulizungumza Kiingereza, hapa nageuza kwa Kiswahili. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Kwa nini somo hili, nimejaribu nini kwenye kompyuta yangu ya kawaida, ninataka kupima nini. Mara tatu kisanduku kilipiga kelele nyuma ya mlango, na mara tatu nikasikia kidole cha Mama kikikinyamazisha. Nilianza kupumua.

Kisha kijana mwenye ndevu akauliza. "Umeandika kwamba utatafuta makosa katika biti za kwanta bila kuzitazama. Unajuaje kosa limetokea mahali usipoweza kutazama?"

Lilikuwa swali lilelile la dereva wa kabichi, kwa maneno mengine. Nikampa jibu la kitabu, na kanuni zake zote. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hayo tumeyasoma kwenye pendekezo lako," akasema. "Sasa tueleze kama unavyowaeleza wanafunzi wako."

Miaka yote hii nafundisha, na siku niliyoombwa kufundisha, nikakauka. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu wa kitabu. Sikuwa nimejiandaa kuwa Mwalimu Ouma wa Awasi, huyo nilimwacha nyumbani makusudi, nikidhani hawamtaki.

Hapo kisanduku kikapiga kelele mara ya nne. Mama akabonyeza. Kikaendelea kupiga. Akabonyeza tena.

"Friji!" Mama akaita. "Mama Risper, zima friji!"

Friji la samaki lilikuwa linakula umeme wote, na swichi yake ilikuwa ukutani sebuleni, juu kidogo ya kichwa changu. Ningenyoosha mkono tu. Mwalimu mzima wa fizikia! Lakini akili yangu ilikuwa Ulaya inatafuta jibu. Mama Risper alikuwa uani na kuku wake, hakusikia. Mlango nyuma yangu ukafunguka. Nikaona pindo la gauni la Mama.

Nikasimama na kukimbia.

Sikufikiri hata kidogo, miguu ilijua kazi yake. Nilitoka sebuleni, nikavuka ukumbi, nikajikuta uani na koti langu, mbele ya sufuria ya maji ya moto na Mama Risper mwenye manyoya mikononi.

"Yawa!" akapiga kelele. "Mkwe! Wale watu umewaachia nani?"

"Mama ametoka."

Akachungulia ndani. "Ametoka kuzima friji. Sasa amerudi ndani. Wewe, rudi!"

Nilijua kabisa nilichofanya. Watu watatu waliokaa kunisubiri walikuwa wanatazama kiti kitupu na kalenda, na hii ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Nilitaka kulia, nasema kweli. Kisha nikajikasirikia, na hasira hiyo ndiyo iliyonisukuma mlangoni. Nilijiambia kwamba safari hii mtandao haukukatika. Nilikuwa nimejikata mwenyewe, na wa kuunganisha ni mimi.

Walikuwa bado wapo.

"Kuna tatizo?" akauliza yule mwanamke.

Ningeweza kusingizia stima. Stima hubebeshwa mengi. Lakini nilikuwa nimechoka kujifanya.

"Samahani," nikasema. "Aliyeingia ni mama mkwe wangu. Kwa desturi yetu siruhusiwi kuwa naye uso kwa uso namna hii, kwa hiyo nilitoka mbio. Nimetoka bila kufikiri. Na sasa naweza kulijibu swali lenu."

Kijana mwenye ndevu akasogea karibu na kioo.

"Mama mkwe wangu yuko nyuma ya mlango huu sasa hivi, anatunza mtambo unaowafanya mnione. Simtazami. Nikimtazama, kitu tulichokilinda tangu harusi kinavunjika, na hakirudi. Lakini asubuhi yote nimejua kama mambo yako sawa ndani au hayako sawa. Nimejuaje? Yuko mama mwingine anayekwenda na kurudi kati yetu. Simwagizi aniambie mama mkwe anawaza nini moyoni. Namwagiza aulize jambo dogo tu: kuna kilichoharibika? Na ndivyo tunavyofanya na biti za kwanta. Tunaziweka kadhaa ziishike habari moja kwa pamoja, kisha tunatuma mjumbe, biti ya pembeni, aulize ya kwanza na ya pili: je, mnakubaliana? Halafu ya pili na ya tatu: je, mnakubaliana? Hatumuulizi kuna nini ndani. Akirudi na jibu kwamba wa kwanza na wa pili hawapatani, lakini wa pili na wa tatu wanapatana, tunajua wa kwanza ndiye aliyepinda, na tunamnyoosha. Habari yenyewe haijaguswa na hatujaiona."

Yule mwanamke akauliza, na nilimwona anazuia tabasamu, "Na mjumbe naye akikosea?"

"Huyu wangu anaongeza chumvi," nikasema. "Asubuhi ameniambia nimekonda, na mama mkwe hakusema hivyo. Kwa hiyo namtuma jambo lilelile tena na tena. Majibu yakibadilika kati ya safari moja na nyingine, namtilia shaka mjumbe kabla sijamtilia shaka mama. Utafiti ninaotaka kuufanya kwenu ni huo. Nataka kujua mjumbe atumwe mara ngapi, na majibu yake yasomwe vipi, kabla mambo hayajaharibika zaidi huku tukiulizana."

Yule mzee aliyekuwa akiandika akaweka kalamu chini. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake.

"Mama mkwe ana lolote la kutuambia?"

Nikageuza kichwa kuelekea ukumbini. Mama Risper alikuwa ameshafika, bila shaka alikuwa hapo muda wote. Nikamuuliza, naye akauuliza mlango, ingawa sote tulikuwa pale pale.

"Wamalize," ikasema sauti ya ndani. "Kuku anasubiri."

Niliwatafsiria kama ilivyo. Walicheka wote watatu, wakanishukuru, nusu saa ikaisha, na kioo kikawa cheusi.

Saa sita na nusu nilikula kuku katika nyumba ya shemeji, peke yangu na sahani kubwa ya ugali, kama inavyotakiwa. Sikujua nimeshinda au nimeshindwa. Mama hakutuma neno lolote zaidi ya kuniambia niongeze mchuzi. Nilipoondoka nilitazama pembeni, na kwa kona ya jicho nikaona mtu amesimama dirishani ameinua mkono.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Ndori, Holo, Kisian, kisha Kisumu bila kusimama. Mtaro ulikuwa bado wazi. Ijumaa asubuhi nilikuwa darasani Awasi, na nguzo, kama nilivyotabiri, ilikuwa bado imelala.

Wiki tatu zilipita. Nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha pili barua pepe ilipoingia, na kwa kuwa nimewakataza wanafunzi kutazama simu, nami sikuitazama mpaka karatasi ya mwisho ilipokusanywa. Wamenichukua. Miaka minne, ada na mshahara, naanza mwezi wa tisa. Mwisho wa barua mtu alikuwa ameongeza mstari mmoja akiniomba, nikifika, nitoe mhadhara kwa wanafunzi wapya kuhusu mjumbe na mama mkwe. Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi nikaisoma tena, kisha nikalia bila kujificha.

Naandika haya masanduku yakiwa wazi kitandani. Wanafunzi wangu wameniuliza nimejifunza nini katika safari ile, na nimewaambia hivi: mara mbili nilijipeleka kwa wakubwa kama mtu asiye na kwao, nikidhani ndivyo wanavyotaka. Mara ya tatu nilikuwa na kwetu nyuma ya mlango, kukiwa na kitufe mkononi. Fomu zijazeni vizuri, barua ziombeni mapema, ulizeni kila nafasi mnayoiona. Lakini wakiwaambia mjieleze, jielezeni nyinyi.

Jana jioni nilipiga simu Asembo kuaga. Alipokea Mama Risper, akaiweka simu kwenye spika. Nikasikia sauti ya nyuma, pole na nzito.

"Mwambie mkwe mashine ilitaka kuzima mara nne, nikaikatalia. Yeye alizima mara moja tu, na akajiwasha mwenyewe. Aende."

Mama Risper akanirudishia yote, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Halafu akashindwa kujizuia.

"Na anasema atakukumbuka sana, kila siku."

Nikangoja sauti ya nyuma ikanushe.

"Hilo nimesema," akasema Mama.